Kupanga programu ya ugani pamoja na wanakijiji: kuanzia barua ya utambulisho hadi ghalani kwa mkulima

Programu nyingi za ugani, yaani za kuwaelimisha wakulima, hufa kabla ya somo la kwanza. Hufa siku afisa anapoandika ofisini "Mada: uhifadhi bora wa mahindi", akajaza idadi ya washiriki, akaweka tarehe, kisha akaupeleka mpango kijijini ukiwa umeshapikwa. Wanakijiji hawaukatai. Wanahudhuria, wanasaini, wanakunywa soda, halafu wanarudi kuanika mahindi chini kama jana. Mpango unaofanya kazi huanza na kitendo: mkulima yupi atafanya nini tofauti, mwezi gani, kwa gharama ya nani. Mada hutafutwa baadaye.

Mfano tutakaokwenda nao ni uhifadhi wa mahindi na kuzuia sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania, yaani Dodoma na sehemu za Manyara zinazopakana nayo, ambako mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mvua za huko ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na mavuno huwa Mei hadi Julai. Kwa zao jingine au mkoa mwingine hatua ni hizihizi, ila kalenda itabadilika.

Hatua ya 1: Chora kalenda mbili kabla ya kutoka ofisini

Chora miezi 12 kwa safu mbili. Safu ya juu weka kazi za shamba, ya chini weka mzunguko wa bajeti ya serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Halmashauri za wilaya huandaa bajeti zao kati ya Novemba na Februari hivi, kwa hiyo kipaumbele cha kijiji ambacho hakijafika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ifikapo Oktoba kina nafasi ndogo ya kupata fedha.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Somo la kuanika ni Mei. Vifaa vinunuliwe Aprili, kwa fedha za mwaka ulioanza Julai iliyopita. Bajeti ya mwaka huo ilifungwa Februari, kwa vipaumbele vilivyopelekwa Oktoba kabla yake. Ni miezi 19. Afisa asiyeifanya hesabu hii huwaahidi watu mambo ya msimu huu kwa fedha ambazo hata zikipatikana zitakuja msimu wa mwakani.

Dawa yake ni kugawa mpango mafungu mawili tangu siku ya kwanza. Fungu la kwanza ni yanayowezekana msimu huu kwa vitu vilivyopo kijijini na mafuta ya pikipiki uliyo nayo. Fungu la pili ni yanayosubiri bajeti ijayo. Wanakijiji waambiwe wazi kipi kiko fungu gani.

Ukiwa bado ofisini pitia taarifa za robo mwaka za kata, bei za mahindi za mnadani mwezi kwa mwezi, na majina ya vitongoji vyote. Usizidishe siku moja. Taarifa za ofisini hukusaidia kuuliza maswali mazuri, lakini majibu hayamo humo.

Hatua ya 2: Hodi, barua na suala la posho

Barua ya utambulisho hutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, hupita kwa Mtendaji wa Kata, humfikia Mtendaji wa Kijiji. Baada ya hapo ni mwenyekiti wa kijiji na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ambayo kwa utaratibu hukutana kila mwezi. Omba nafasi kwenye kikao chao cha kawaida badala ya kuitisha cha kwako, maana kikao cha kwako kitakuja na swali la nani anagharamia. Wenyeviti wa vitongoji usiwaruke. Hao ndio wanaopeleka taarifa nyumba kwa nyumba, na mwenyekiti aliyerukwa haitangazi siku yako.

Kwenye kikao hicho sema mambo matatu: unachoweza kuleta, usichoweza kuleta, na msimamo wako kuhusu posho. Hili la posho maafisa wengi hulikwepa hadi mtu alipoulize mbele ya watu hamsini. Kama hakuna posho ya kuhudhuria, sema hakuna, na eleza kitakachokuwepo, kwa mfano uji na maji siku ya somo refu. Ukilipa siku ya kwanza ili watu waje, umeweka bei. Siku ya tatu fedha zikiisha watakuja wachache, tena si wale waliokuja kujifunza. Na kama kuna mradi mwingine unaolipa kijijini hapohapo, ulizia unakutana siku gani na uipishe siku hiyo.

Hatua ya 3: Unda timu ya kupanga ya watu 10 hadi 12

Kila kitongoji kitoe mtu, na nusu ya timu wawe wanawake. Kwenye mfano wa mahindi sababu ni ya kazi zaidi kuliko usawa: kwa kaya nyingi za ukanda huu wanaopukuchua, kupepeta na kujua kilichobaki kwenye kihenge ni wanawake. Baba anaweza kukutajia magunia aliyovuna. Mama ndiye anajua mangapi yameliwa na dumuzi, mdudu wa ghalani.

Ongeza watu ambao programu za kilimo huwasahau: mwenye mashine ya kusaga (yeye huona kila siku mahindi yaliyooza yanaletwa na nani), mwenye duka la pembejeo, dalali au mnunuzi wa mazao, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kijana mmoja au wawili wanaolima shamba la kukodi. Tahadhari na orodha ya "wakulima bora" utakayopewa na uongozi. Hao ni walewale wa kila mradi, wana mashamba makubwa na turubai tayari, na kinachowashinda wengine wao hawakioni.

Hatua ya 4: Kisomeni kijiji kwa siku mbili

Siku ya kwanza, tembeeni. Timu ikatize kijiji kutoka upande mmoja hadi mwingine, bondeni hadi mlimani, kwa saa mbili au tatu, mkisimama kwenye mashamba, kwenye vihenge na kwenye nyumba zenye mahindi darini. Asubuhi ndiyo saa yake, kabla jua halijakuwa kali. Usiandike wakati mtu anakuonyesha ghala lake. Tazama kwanza, uliza, mshukuru, andika mkishatoka. Mchana wachore ramani ya kijiji ardhini kwa vijiti, majivu na mawe: visima, njia, mashine, mashamba ya mbali, nyumba zinazojaa maji. Ramani ya ardhini ni bora kuliko ya karatasi kwa sababu kila mtu anaweza kufuta kwa mguu na kuchora upya, na asiyejua kusoma hashiki kalamu kwa woga. Piga picha kabla ya kuondoka; mbuzi hawatasubiri.

Siku ya pili ni ya kalenda ya msimu, na hapa ndipo pa kutumia muda. Wanaume na wanawake wakae makundi mawili, kila kundi lichore miezi 12 chini. Waanze na mwezi mvua inapoanza, wasilazimishwe kuanza na Januari. Kwa kila mstari kundi lipewe punje 20 za maharage lizigawe kwenye miezi kulingana na uzito wa jambo. Mistari sita inatosha: mvua, kazi za wanaume, kazi za wanawake, chakula kilichomo ndani, fedha mkononi, na wadudu au ukungu kwenye mahindi. Kila mstari uulizwe "kwa nini hapa punje ni nyingi?" Zoezi zima huchukua saa moja na nusu hadi mbili.

Tazama nini kinatokea mistari ikikaa pamoja. Fedha huonekana Julai na Agosti baada ya mauzo, huisha Novemba, na Januari sare na mahitaji mengine ya shule yanagongana na palizi. Wanawake wataweka punje nyingi za kazi Mei na Juni, wakati mahindi yanaletwa nyumbani huku karanga zikisubiri kung'olewa. Basi somo la kuanika la saa nne asubuhi kila wiki mwezi Juni halitapata wanawake, hata ulitangaze msikitini na kanisani. Litafutiwe saa nyingine, au lipelekwe kwenye uwanja wa kuanikia penyewe. Na mkulima akiambiwa anunue mfuko wa kuhifadhia Mei, hana fedha. Akiuza magunia mawili ya kwanza Julai, anazo. Kalenda za makundi mawili zikitofautiana msizisuluhishe haraka. Ziwekwe jirani, kila kundi lieleze lake.

Hatua ya 5: Tenganisheni tatizo la elimu na matatizo mengine

Hapa ndipo mipango mingi huharibika bila mtu kujua. Chukueni kitendo kimoja kinacholeta hasara, kwa mfano kuanika mahindi kwenye udongo mtupu, muulize kwa kila kaya mliyoitembelea: hajui, anajua lakini hawezi, au anajua, anaweza, ila ana sababu ya kutofanya?

Hajui ni yule anayeamini kuwa ukungu ukioshwa na unga ukipikwa vizuri sumu huisha. Hapa elimu inahitajika hasa. Sumukuvu haiishi kwa kupika ugali wala kwa kukoboa peke yake, na huwezi kuiona kwa macho. Ukungu wa kijani na njano ni dalili ya hatari, lakini punje isiyo na ukungu nayo inaweza kuwa na sumu.

Anajua lakini hawezi ni yule asiye na turubai. Kumfundisha tena umuhimu wa turubai ni kumtukana. Anahitaji kikundi cha kukopeshana turubai, jamvi, kichanja cha miti alichojenga mwenyewe, au uwanja wa saruji wa shule wakati wa likizo ya Juni.

Wa tatu ndiye mgumu. Anajua mahindi mabichi yanaota ukungu, turubai anayo, lakini amevuna mapema kwa sababu mahindi yakibaki shambani yanaibwa au mifugo inaingia. Au ameyauza yakiwa mabichi kwa sababu mnunuzi analipa bei ileile kwa mabichi na makavu, na mabichi ni mazito. Kwa huyu jawabu linaweza kuwa sheria ndogo ya kijiji kuhusu mifugo, zamu ya ulinzi, au mazungumzo na wanunuzi. Elimu itakuja mwisho, au isije kabisa.

Andikeni sababu zote ukutani kwa safu hizo tatu. Safu ya kwanza inaingia kwenye programu ya mafunzo. Ya pili inaingia kwenye bajeti na vikundi. Ya tatu inapelekwa kwenye halmashauri ya kijiji ikiwa na jina la mjumbe atakayeifuatilia. Mkikuta safu ya kwanza ina sababu moja kati ya tisa, mpango wa mafunzo ya wiki kumi hauna kazi pale, na ni heri mseme hivyo mapema.

Hatua ya 6: Chagueni vipaumbele kwa kura ya siri

Punguzeni mambo hadi matano. Kulinganisha mawilimawili kwa mambo matano ni raundi 10. Kwa mambo saba ni raundi 21, na watu watachoka watake kwenda nyumbani. Kwa mkutano mkubwa tumieni vikombe vitano vyenye picha, kila mtu punje tatu, vikombe vikae nyuma ya pazia au ukuta. Kura ya kunyoosha mkono hufuata mkono wa mwenyekiti au wa mwenye trekta. Wanawake wapewe maharage, wanaume mahindi, ili mtakapohesabu muone nani alitaka nini. Jambo lililoshika nafasi ya kwanza kwa wanawake na ya nne kwa wanaume lisifutwe kwa kuchukua wastani.

Hatua ya 7: Andikeni lengo linaloweza kupimwa na mtu wa kawaida

Kabla ya lengo, pimeni hali ya kuanzia. Tuseme kijiji kina kaya 420 na mnataka kutembelea 30. Gawa 420 kwa 30, unapata 14. Chagua kwa kura namba kati ya 1 na 14, anzia kaya hiyo kwenye daftari la wakazi, kisha kila ya kumi na nne. Msichague kaya za kando ya barabara kwa sababu pikipiki inafika. Maswali yasizidi manane, na matatu kati yake yawe ya kutazama: mahindi yameanikwa juu ya nini, mifuko imekaa juu ya nini, kuna unga wa dumuzi chini ya mifuko au hakuna.

Tuseme kaya 6 kati ya 30 zinaanika juu ya kitu na kupima ukavu kabla ya kufunga mifuko. Lengo liandikwe kwa lugha hiyohiyo: "Ifikapo tarehe 31 Agosti, angalau kaya 15 kati ya 30 zitakazotembelewa ziwe zinaanika juu ya turubai, jamvi au kichanja, na zinapima ukavu kabla ya kufunga mifuko." Maneno kama "kuongeza uelewa" au "kuhamasisha jamii" yaondoke, kwa sababu mwisho wa msimu hakuna atakayeweza kusema yalitimia au la.

Hatua ya 8: Chagueni njia ya kufundishia kulingana na kitendo

Shamba darasa, mtindo ulioanzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga, unafaa pale mkulima anapohitaji kutazama kitu kikibadilika wiki hadi wiki na kuamua mwenyewe. Kundi liwe la watu 20 hadi 30, siku moja ya wiki isiyobadilika, nusu siku, mahali palepale. Chini ya 20 wakiugua watatu kundi linalegea. Juu ya 30 walioko nyuma wanapiga soga. Kwa palizi, wadudu na mbolea, njia hii haina mpinzani. Kwa stadi moja ya mkono, kama kufunga mfuko, ni gharama ya bure. Hapo onyesho la saa mbili kwenye kila kitongoji, likirudiwa mara mbili, linatosha.

Redio inafika mbali lakini peke yake haibadilishi kitendo. Kampeni za Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975 zilikuwa na vikundi vya kusikiliza vyenye kiongozi aliyefunzwa, na baada ya kipindi kikundi kilijadili na kuamua kazi ya kufanya. Ukitaka kutumia redio ya jamii ya wilayani, panga vikundi hivyo kwanza, halafu omba muda hewani. Ujumbe wa simu ni mzuri kwa ukumbusho wa tarehe na bei. Ziara ya mafunzo iende kwa mkulima anayefanana nao kwa eneo na kipato, la sivyo watarudi wakisema yule ana uwezo.

Ratiba ya mfano: Machi, kuchagua wakulima wawezeshaji wawili kwa kila kitongoji na kuwafunza siku mbili. Aprili mwishoni, somo la kutambua mahindi yaliyokomaa na kutenga magunzi yaliyooza shambani. Mei na Juni, kuanika na kupima ukavu. Julai, kupukuchua bila kuvunja punje, kufunga mifuko na kuanza jaribio. Oktoba, kufungua jaribio hadharani. Agosti iacheni wazi: watu wako kwenye mauzo, harusi na Nanenane. Epukeni siku ya mnada, Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Ramadhani huanza mapema zaidi kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana msiinakili. Na kwa kila masomo manne wekeni siku moja ya akiba, kwa sababu msiba hauombi ruhusa na hakuna atakayekuja darasani kijiji kikiwa makaburini.

Hatua ya 9: Andaeni kila somo kwa mikono, mfano wa kupima ukavu kwa chumvi

Vifaa vya kipimo kimoja, kwa kundi la watu watano: chupa moja ya kioo ya mililita 750 yenye mfuniko, kavu kabisa, chumvi laini gramu 20 hadi 30, iliyoanikwa juani au kukaushwa kwenye kikaango kisha ikaachwa ipoe, mahindi yaliyopukuchuliwa ya kujaza theluthi moja ya chupa. Kila kundi liwe na chupa mbili, moja ya mahindi yaliyokauka, nyingine ya mahindi yaliyoletwa na mshiriki kutoka kwake.

Tia mahindi, tia chumvi, funga, tikisa dakika moja, laza chupa dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayawezi kuhifadhiwa. Isipogandia, unyevu uko chini ya 15. Hapo mwezeshaji asimame aseme jambo ambalo watu hulisahau: salama ya kuhifadhi mahindi ni kama asilimia 13, na kipimo hiki hakiwezi kukuonyesha tofauti ya 13 na 14.5. Kwa hiyo chumvi ikikataa kugandia, anika siku moja au mbili zaidi za jua kali ndipo ufunge.

Makosa ni matatu. Chumvi yenye unyevu hugandia hata kwenye mahindi makavu, na mkulima huacha kukiamini kipimo. Chupa iliyooshwa asubuhi ileile hufanya vilevile. Na mahindi yaliyochukuliwa juu ya rundo tu hudanganya, kwa sababu ya katikati bado ni mabichi. Zile dakika 15 za kusubiri ndizo za kuuliza: nani nyumbani ataifanya kazi hii, saa ngapi, chupa ataweka wapi watoto wasiivunje? Mwezeshaji anayezijaza kwa hotuba amepoteza sehemu bora ya somo.

Hatua ya 10: Wekeni jaribio ambalo kijiji kitalihukumu

Chukueni mahindi kutoka rundo moja, yaliyokaushwa sawa na kupimwa, mtie kilo 50 kwenye kila mmoja wa mifuko mitatu: sandarusi ya kawaida bila kitu, sandarusi yenye dawa ya unga kwa kipimo cha lebo, na mfuko usiopitisha hewa, ule wenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya sandarusi. Rudieni jaribio kwenye nyumba ya pili, kitongoji kingine, ili panya wa nyumba moja wasiamue matokeo.

Kwenye mfuko usiopitisha hewa, kila nailoni ifungwe peke yake baada ya kukamua hewa kwa mikono kutoka chini kwenda juu. Wadudu hutumia hewa iliyobaki, ikiisha wanakufa. Wanaofungua kila wiki kuchungulia wanawaletea wadudu hewa mpya, na mfuko unaonekana haufai. Vipande vya magunzi vyenye ncha hutoboa nailoni, kwa hiyo mahindi yapepetwe kwanza. Mfuko ukae juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta. Na mahindi mabichi yakifungwa humo yanaoza yote, mfuko haukaushi.

Oktoba, baada ya miezi mitatu, fungueni mbele ya watu. Chota punje 100 mara tatu kutoka kila mfuko, juu, katikati na chini. Washiriki wahesabu zilizotobolewa, waandike ubaoni, halafu mnunuzi wa mahindi aulizwe angelipa kiasi gani kwa debe la kila mfuko siku hiyo. Gharama ya mfuko igawanywe kwa misimu itakayotumika, ilinganishwe na tofauti ya bei. Hesabu hiyo wakiifanya wenyewe kwa bei zao, huhitaji kusema mengi.

Hatua ya 11: Bajeti

Andikeni kwa safu mbili, kinachotoka kijijini na kinachotoka nje. Kijiji kitoe mahindi ya jaribio, uwanja, kuni, vyombo na muda wa wawezeshaji. Nje itoe mifuko, dawa, chupa, chumvi, karatasi za bango kitita na mafuta. Mafuta ndiyo hukadiriwa vibaya zaidi. Kijiji kikiwa kilomita 18 kutoka kituo chako, kwenda na kurudi ni 36. Safari 14 ni kilomita 504. Pikipiki inayokwenda kilomita 35 kwa lita itatumia lita 14 na nusu hivi. Ongeza asilimia 20 kwa njia mbovu na siku za akiba, andika lita 18. Safari za ufuatiliaji zihesabiwe tangu sasa, maana zikiachwa nje hazitafanyika.

Hatua ya 12: Pitisheni kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji

Mpango uwe kurasa tatu, kwa Kiswahili cha kawaida. Upite halmashauri ya kijiji kwanza, kisha Mkutano Mkuu, ambao hufanyika kila miezi mitatu na wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wana haki ya kuhudhuria. Ausome mjumbe wa timu, siyo afisa. Muhtasari uandikwe, usainiwe, nakala ibaki kwa Mtendaji na nyingine ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vitongoji.

Hatua ya 13: Fuatilieni ghalani, siyo kwenye daftari la mahudhurio

Daftari la mahudhurio linaonyesha nani alikuja. Siku 30 baada ya kila somo tembeleeni kaya 10 zilizohudhuria na 5 ambazo hazikuhudhuria, mtazame. Kama waliohudhuria wanafanya kitu na wasiohudhuria nao wameanza kukifanya, elimu inatembea kwa majirani. Kama waliohudhuria hawafanyi, rudini kwenye safu tatu za hatua ya 5 muulize upya, kwa sababu pengine mlimweka kwenye "hajui" mtu ambaye hawezi.

Septemba rudieni kaya 30 kwa maswali yaleyale. Matokeo yasomwe kwenye Mkutano Mkuu unaofuata hata yakiwa mabaya, na majina ya kaya yasitajwe. Ikiwa ni kaya 9 badala ya 15, tafuteni kwanza kitongoji ambacho hakikubadilika kabisa. Mara nyingi utakuta huko mkulima mwezeshaji alihama, alijifungua au alikosana na mwenyekiti wake, na kinachohitajika ni kumteua mwingine kabla ya Machi.